Darasa la chuo linapopoteana: jibu kwa mwalimu wa Umoja

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari, ninaishi Umoja, Nairobi. Tulihitimu shahada ya elimu mwaka 2011 katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa jijini. Darasa letu lilikuwa na watu kama 120. Katika kundi letu la WhatsApp tuko 61, lakini wanaozungumza hawazidi 8, na kinachosemwa mara nyingi ni tangazo la matanga au ombi la mchango. Mwaka 2018 niliitisha mkutano; wakaahidi 40, wakaja 9. Ningependa tukutane tena Agosti 2026 tukiwa tumetimiza miaka 15. Nifanye nini ili waje, na tusipoteane tena baada ya hapo?

Jibu: Mwalimu, katika barua yako nimeirudia mara kadhaa ile sehemu ya watu 40 walioahidi na 9 waliofika, kwa sababu watu 31 hawawezi kusahau siku moja kwa pamoja. Nimekuwa katibu wa darasa letu la chuo kwa zaidi ya miaka 20, na katika muda huo nimeyasaidia madarasa mengine ya hapa Nairobi kupanga mikutano yao. Kila baada ya mkutano huwapigia simu wale ambao hawakufika, nikawajulia hali tu bila kuwalaumu. Mwanzoni hunitajia kazi, mvua au mtoto mgonjwa. Mazungumzo yakikolea, wengi wao hufikia jambo lile lile, kwamba waliona haya. Mmoja alikuwa amepoteza kazi miezi michache kabla ya siku yenyewe. Mwingine ndoa yake ilikuwa imevunjika, na hakutaka kuulizwa mwenzake yuko wapi. Wa tatu alikuwa na kazi ya kudumu, lakini mshahara wake wote ulikuwa ukiishia kwenye mikopo, naye alijua kwamba kabla ya chakula kwisha kutapitishwa mchango.

Kwa hiyo nitayajibu maswali yako yote mawili kwa shauri moja. Mwaliko, pesa, mahali, ratiba ya siku, na kazi itakayofuata, vyote vipange ukimfikiria yule anayeona haya kuja. Aliyefanikiwa hahitaji kubembelezwa. Atakuja hata ukimwita siku mbili kabla.

Anza na neno “wahitimu”, ambalo nadhani ndilo mliloliandika kwenye mwaliko wa 2018. Ni neno zuri, lakini linawafungia nje watu mliolala nao bweni moja, mkala nao na kukesha nao usiku wa kuamkia mtihani. Wewe mwenyewe unajua jinsi mwanafunzi wa chuo cha umma anavyoweza kuchelewa kuhitimu mwaka mzima au zaidi kwa sababu alama za somo moja zimepotea, au karo imekosekana, au ameugua muhula wa mwisho, na wapo ambao hawakurudi kabisa. Waliotutangulia walilijua hili kwa njia ngumu zaidi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, kilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila masomo, na mipango ya watu wengi ikavurugika. Mwaka 1990 vyuo vya umma vilipokea kwa mkupuo mmoja waliotoka katika kidato cha sita cha mwisho na kundi la kwanza la mfumo mpya wa 8-4-4, usiokuwa na kidato cha tano na sita, wakakaa katika kumbi zile zile wakiwa wametoka katika mifumo tofauti. Ukimuuliza mtu wa miaka hiyo alisoma na nani, mwaka wa kuhitimu hautamsaidia sana kukujibu.

Kwa hiyo andika hivi: “Sisi tulioingia chuoni mwaka 2007.” Waite wote walioketi nanyi darasani, wawe walivaa joho au hawakuvaa. Sisi tulituma mialiko ya “wahitimu” kwa miaka 14 bila kutambua kwamba kuna mwenzetu aliyeacha masomo mwaka wa tatu na ambaye kila mwaliko ulimkumbusha jambo hilo. Tulipobadilisha maneno, alikuja. Alibeba bahasha ya picha za bwenini ambazo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amezihifadhi, na kwa saa nzima watu walikuwa wamemzunguka.

Kuhusu kuwapata wale 59 ambao hawamo kundini, usitegemee kwamba chuo kitakupa namba zao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikiruhusu kugawa taarifa za watu kiholela, na ni vizuri iwe hivyo. Unachoweza kuomba, kwa barua rasmi kwa ofisi inayoshughulikia wahitimu, ni wao wenyewe wawatumie wenzenu ujumbe wenu pamoja na namba ya kuwafikia nyinyi. Njia ya haraka zaidi kwenu walimu ni kaunti. Mkiwa na mwenzenu mmoja anayefundisha Kitui, atajua ni nani mwingine wa darasa lenu aliyepelekwa huko na Tume ya Huduma kwa Walimu, na nani alihama mwaka gani kwenda wapi. Mpe kila mmoja wa namna hiyo kaunti 2 au 3 za kuulizia. Kila anayepatikana, mwombe ruhusa kabla ya kuandika jina lake, namba yake, barua pepe yake na namba ya ndugu mmoja wa kutafutwa endapo laini yake itapotea. Orodha hiyo iwe mikononi mwa watu 3, na nakala moja iwe imechapishwa kwenye karatasi. Nasisitiza karatasi kwa sababu madarasa mengi yaliyohitimu miaka ya 2000 yaliweka majina na barua zao katika Yahoo Groups, na huduma hiyo ilipofungwa kabisa Desemba 2020, ambao hawakuwa wameweka nakala kwingine walipoteza kila kitu. Sisi tulikuwa miongoni mwao.

Sasa mwaliko. Tangazo linalobandikwa kundini huonwa na wote lakini halimwiti mtu yeyote. Mtu mwenye haya akilisoma hujiambia kwamba hawatagundua asipokuwapo, na kusema kweli hakosei. Mwite kwa simu, kwa sauti yako, ukimtajia jambo ambalo wewe na yeye tu mnalikumbuka: alikupa nafasi chumbani mwake ulipokosa kitanda, au alikunakilia mihadhara ulipokuwa hospitalini. Usimuulize siku hizi anafanya kazi wapi. Akitaka kusema atasema. Mweleze siku, mahali, na kwamba atakula bila kulipa mlangoni, kisha umwache afikirie. Simu ya namna hii huchukua dakika 10, na watu 120 ni wengi mno kwa mtu mmoja; tafuta wenzako 5 waliokuwa na marafiki wa aina tofauti, mmoja wa kwaya, mmoja wa mpira, mmoja wa chama cha wanafunzi wa wilaya, kila mmoja awapigie wale ambao sauti yake itawafurahisha.

Naja kwenye pesa, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu madarasa mengi niliyoyaona yakifa yalifia hapa.

Mwaka mmoja nilibandika kundini kila jioni orodha ya majina ya wote, na alama mbele ya majina ya waliokwisha kulipa. Nilidhani huo ndio uwazi. Usiku wa tatu mwenzetu mmoja, mwanamke niliyesoma naye miaka yote minne na ambaye nilimheshimu sana, alitoka kundini bila kuaga. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba wakati ule alikuwa akimuuguza baba yake na kila shilingi yake ilikuwa ikienda kwenye dawa, na kwamba kila jioni alifungua simu akiwa na hofu ya kuliona jina lake likiwa tupu. Ilichukua miaka 6 kabla ya kukubali kuzungumza nami. Tangu wakati huo sijawahi kuchapisha jina la mtu kando ya kiasi cha pesa, wala sishauri mtu yeyote afanye hivyo, hata kwa nia njema.

Uwazi unaohitajika ni wa jumla na wa matumizi: zimeingia ngapi, zimetumika wapi, risiti hizi hapa. Tuseme mtakuwa 50 na chakula cha mtu mmoja ni shilingi 900. Hiyo ni shilingi 45,000. Viti, hema na vipaza sauti viwe 20,000, na akiba ya dharura 10,000. Jumla ni 75,000, yaani 1,500 kwa kila mtu mkigawana sawa. Chukulia kwamba 20 kati yenu hawatatoa chochote, basi 30 waliobaki watahitaji kutoa wastani wa 2,500. Mkiwa darasa la watu wenye mishahara, si mzigo usiobebeka. Kwa hiyo taja 1,500 kama mwongozo, na chini yake uandike waziwazi kwamba anayeweza zaidi aongeze, na asiyeweza kwa sasa aje tu kama wengine. Weka maneno hayo kwenye mwaliko wenyewe, usingoje mtu akuulize faraghani, kwa maana anayeona haya hatakuuliza.

Majina ya waliotuma yaonwe na mweka hazina na mkaguzi mmoja tu. Na pesa zisiende kwenye laini ya simu ya mtu binafsi. Nimeona mweka hazina mwaminifu kabisa akifedheheka kwa sababu alikuwa na deni la Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, na michango ya kwanza ilipoingia katika M-Pesa yake ikakatwa papo hapo kulipa deni hilo, hata kabla hajaisoma. Alirudisha kila senti, lakini minong'ono ilikuwa imekwisha kuanza. Fungueni akaunti ya benki ya kundi yenye watia sahihi 3, na michango iingie huko kwa paybill, yaani namba ya malipo ya M-Pesa. Ili kuifungua mtahitaji usajili, na kwa kundi kama lenu njia rahisi ni ile ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya mwaka 2022, inayohitaji angalau watu 10 na katiba fupi, kupitia afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lenu. Fanyeni hivyo miezi kadhaa kabla ya mkutano.

Kuna jaribu jingine linalokuja likiwa limevaa sura ya msaada. Mwenzenu mmoja aliyefanikiwa atajitolea kulipa gharama zote. Mshukuru, mpokelee sehemu, na sehemu hiyo isizidi, tuseme, robo ya bajeti. Atakayelipa yote ndiye atakayehutubia kwa muda mrefu, na wengine watakuwa wageni wake. Zaidi ya hayo, uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, mwaka mmoja kamili baada ya mkutano wenu. Ikiwa miongoni mwenu yupo anayetafuta kiti, kubalianeni mapema na kwa maandishi kwamba siku hiyo hakuna fulana zenye picha ya mtu wala maombi ya kura.

Agosti umeichagua vizuri. Shule zimefungwa, baridi ya Nairobi ipo lakini mvua za masika zimekwisha, kwa hiyo mnaweza kukaa nje. Aprili ingewanyeshea. Desemba wenzenu wengi watakuwa wamekwenda mashambani, nauli zimepanda, na wale wanaosahihisha karatasi za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wametoka vituoni wakiwa wamechoka. Jumamosi ina ushindani wa harusi na mazishi, lakini siku nyingine ni ngumu zaidi. Anzeni saa 4 asubuhi na mmalize saa 10 jioni, ili anayetoka Nakuru au Murang'a aweze kurudi kwake siku hiyo hiyo bila kutafuta mahali pa kulala, ambako nako ni gharama ambayo watu huona haya kuitaja.

Mahali pazuri kuliko pote ni chuoni penyewe. Mwandikieni mkuu wa kitivo mkiomba uwanja au ukumbi wakati wanafunzi wako likizo. Hotelini mtu hujipima kwa bei ya soda na kwa aina ya gari lililoegeshwa karibu na lake. Chuoni kila mtu anakumbuka kwamba aliingia pale na sanduku moja na godoro. Chuo kikikataa, tafuteni bustani ya umma. Sisi tulioishi kumbi za Barabara ya State House tumewahi kukutana Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribia miti ya kuni za gari la moshi, na ambamo wengi wetu tulikuwa tukienda kujisomea chini ya vivuli. Tulikwenda na sufuria zetu, na hakuna aliyeuliza meza ya wakubwa iko wapi.

Siku yenyewe, ondoeni kile kipindi cha kila mtu kusimama, kutaja jina, cheo na mahali pa kazi. Najua kimezoeleka, lakini mtu asiye na cheo cha kutaja huanza kuhesabu ni wangapi wamebaki kabla ya zamu yake, na hatasikia lolote linalosemwa mpaka imepita. Mahali pake muulizeni kila mtu mwaka wa kwanza alilala chumba gani, na nani alimsaidia. Ketini kwa kufuata mabweni ya zamani. Mwalikeni mhadhiri mmoja aliyestaafu, mmoja tu, na mwombe asihutubie zaidi ya dakika 15. Majina ya wenzenu waliofariki yasomwe kwa utulivu kabla ya chakula, na kila jina lithibitishwe na familia kwanza. Fulana za ukumbusho zinaweza kungoja mwaka mwingine.

Umeuliza pia mtakavyoepuka kupoteana tena. Kundi lenu la sasa limegeuka mahali pa kuombwa pesa, na mtu asiye nazo hulinyamazisha ili apumue. Ligawanye. Kundi moja liwe la mazungumzo, lisiloruhusiwa ombi lolote la mchango. La pili liwe la matangazo ya furaha na msiba, ambamo katibu peke yake huandika. Kwa matanga wekeni kiasi kimoja kisichobadilika kitakachotoka katika akaunti ya kundi kwenda kwa mfiwa, mzazi wa nani amefariki isiwe hoja, na anayetaka kuongeza amtumie mfiwa moja kwa moja. Hatua hii tu imewarudisha watu wengi niliowajua.

Lakini hata kundi tulivu litalala tena likikosa kazi. Chama cha wahitimu kinachotajwa kuwa cha kwanza Marekani, cha Williams College, kilianzishwa mwaka 1821 wakati rais wa chuo hicho alipokuwa akiondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine, Amherst. Waliosoma Williams walikusanyika kwa sababu chuo chao kilikuwa hatarini. Walikuwa na la kufanya, na chama hicho kipo mpaka leo. Nyinyi walimu hamhitaji hatari ya namna hiyo, kwa kuwa kazi mnayo tayari mikononi.

Kazi ya kwanza ni kubadilishana vituo. Mwalimu anayetaka kuhama ili akae na familia yake hupata nafuu kubwa akimpata mwenzake wa masomo yale yale anayetaka kuja upande wake, na mara nyingi hamjui mtu huyo. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi huwafikia watu wengi kupitia wale wanaowajua kwa mbali, wasioonana nao mara kwa mara, kwa sababu rafiki wa karibu kwa kawaida anajua yale yale unayoyajua. Orodha ya watu 120 katika kaunti mbalimbali, yenye masomo wanayofundisha na mahali wanapotaka kwenda, itamfaa mwenzenu aliye Mandera kuliko salamu za kila asubuhi.

Kazi ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Kila mwaka chuo chenu hutuma wanafunzi kwenda mazoezi ya kufundisha, na wengi hufika katika mji wasioujua, wakiwa na pesa kidogo na bila mahali pa kulala usiku wa kwanza. Nina hakika unakumbuka usiku wako. Kubalianeni kwamba mwanafunzi yeyote wa chuo chenu akipelekwa karibu na mmoja wenu, atapokewa kituoni, atapewa kitanda kwa siku 2 au 3, ataonyeshwa nyumba ya bei nafuu na kusaidiwa kuandaa somo la kwanza. Haihitaji mchango. Na anayeifaa zaidi ni yule mwalimu wa shule ya mbali, asiyepandishwa cheo kwa miaka mingi, ambaye mwaka 2018 alibaki nyumbani akidhani hana cha kuwaletea. Mkimpigia simu, mtakuwa na jambo la kumwomba ambalo yeye analiweza kuliko nyinyi nyote mlio Nairobi.

Anza na wale 31. Wapigie 3 kila juma, nawe utakuwa umewafikia wote kwa majuma 11, na usitaje mkutano mpaka simu ya pili, ile ya mwaliko.